Alfajiri Wasiyoiona Watoto Wetu wa Mjini



Ndugu zangu katika imani, wazazi na wanafunzi wapenzi. Ama baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo napenda tuzungumze jambo ambalo huenda wengi wenu mtaliona dogo, nalo ni taa za nje. Nakusudia taa za barabarani, za madukani, za vituo vya mafuta, za mabango ya matangazo, na taa za misikiti yetu pia. Tumezoea kuzihesabu taa kuwa ni maendeleo, na kwa hakika ni neema. Lakini mimi, mwalimu wa madrasa hapa Kampala, zimenigusa mahali ambapo sikutarajia, yaani kwenye somo la fiqhi.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani nafundisha mlango wa saumu. Wanafunzi wangu ni watoto wa miaka kumi na moja hadi kumi na nne. Ukifika kwenye wakati wa kuanza kujizuia, huna budi kueleza alfajiri mbili. Ya kwanza ni alfajiri ya uongo, mwanga hafifu unaosimama wima kutoka upeo wa mashariki kwenda juu, ambao wanazuoni wameufananisha na mkia wa mbwa mwitu. Mwanga huo hauharamishi chakula kwa mfungaji wala hauingizi wakati wa Sala. Ya pili ni alfajiri ya kweli, weupe unaotanda kulia na kushoto juu ya upeo na kuzidi kung'aa mpaka jua lichomoze. Surat al-Baqara, aya ya 187, imeufunga mwanzo wa saumu na weupe huo kwa mfano wa nyuzi mbili, mweupe na mweusi.

Nilipomaliza kueleza nikauliza: "Ni nani kati yenu ameshaiona alfajiri ya kweli?" Mikono yote ikapanda. "Mliijuaje kuwa ndiyo?" Mmoja akajibu, "Ustaadh, simu ya baba huadhini." Wenzake wakacheka, lakini yeye alisema kweli kuliko wote. Madrasa yetu iko bondeni, kati ya vilima viwili. Upande wake wa mashariki kuna kituo cha mafuta, jengo la maduka la ghorofa nne, na bango la skrini linalobadilisha picha usiku kucha. Ukitoka nje saa tisa za usiku, mbingu ya mashariki ina rangi ya chungwa iliyochanganyika na maziwa. Ukitoka saa kumi na moja, ni ileile. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa hapo utamwambia autafute uzi gani?

Wataalamu wanaliita jambo hili uchafuzi wa mwanga, na maelezo yake si magumu. Taa isiyo na kofia hurusha sehemu ya mwanga wake pembeni na juu. Mwanga huo hukutana na vumbi, moshi, unyevu na hewa yenyewe, ukatawanyika, na sehemu yake hurudi chini. Mji mzima ukifanya hivyo, juu yake hutanda pazia la mwanga ambalo huonekana hata kutoka makumi ya kilomita. Mwanga wenye bluu nyingi, yaani zile taa za LED nyeupe pepe tunazozipenda, hutawanyika zaidi kuliko mwanga wa rangi ya manjano. Rangi ya taa hupimwa kwa Kelvini: 2700 au 3000 ni manjano ya kutuliza macho, 4000 ni nyeupe, na 6000 na kuendelea ni ile nyeupe inayokaribia bluu. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi la taa, ila ni wachache wanaoisoma.

Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha ramani ya dunia nzima ya jambo hili. Walikuta kwamba zaidi ya watu 80 katika kila 100 wanaishi chini ya mbingu iliyochafuliwa na mwanga, na kwamba theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza mbingu. Januari 2023 ukatoka utafiti mwingine, uliotegemea watu wa kawaida zaidi ya 50,000 waliohesabu nyota kwa macho yao kati ya 2011 na 2022. Matokeo yalionyesha mbingu inazidi kung'aa kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka. Wengi wa watazamaji hao walikuwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kwa hiyo sisemi Kampala ni hivyo hivyo. Lakini mfano walioutoa unaweza kueleweka na mzazi yeyote: mtoto aliyezaliwa mahali zinapoonekana nyota 250, akifika miaka 18 mahali palepale ataona 100.

Mimi nimezaliwa Bukoba, ng'ambo ya mpaka, miaka ambayo taa za barabarani zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Babu yangu hakuwa na saa. Alijua Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho Waarabu wanakiita Thurayya, na kwa kukitazama alijua msimu wa kulima umefika. Jina lenyewe linakwambia. Alijua pia kutofautisha alfajiri mbili bila ya kusoma kitabu. Simtaji ili kusifu zamani, maana zamani hizo pia watu waliumwa na nyoka wakienda msikitini. Namtaja kwa sababu elimu yake ilihitaji kitu kimoja tu ambacho watoto wetu wamenyimwa, nacho ni giza.

Dakika kumi na mbili

Huenda msomaji akasema: simu zina ratiba, ratiba zimepigwa hesabu, ya nini kutoka nje? Ni swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike.

Ratiba zote za Alfajiri zimejengwa juu ya digrii, yaani jua liko chini ya upeo kwa kiasi gani weupe ule unapoanza. Rabita ya Makka hutumia 18, Misri 19.5, na baadhi ya jumuiya za Amerika ya Kaskazini hutumia 15. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua hupanda takriban wima, kwa hiyo kila digrii moja ni kama dakika nne. Tofauti ya 18 na 15 ni dakika kama 12, na ya 19.5 na 15 ni dakika kama 18. Kwa mwenye kula daku, au kwa anayesali mara tu adhana inapomalizika, hizo si dakika za kupuuzwa. Na digrii hizo hazikushuka zikiwa zimeandikwa. Zilipatikana kwa watu kukaa nje usiku na kutazama. Miji mikubwa ya Kiislamu ilikuwa na muwaqqit, mtu aliyeajiriwa msikitini kwa kazi ya kujua nyakati. Mmoja wao, Ibn al-Shatir, wa Msikiti wa Banu Umayya wa Damascus, aliyefariki 1375, alikuwa miongoni mwa wanafalaki wakubwa wa zama zake.

Mjadala huu haujafungwa hata leo. Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko karibu zote duniani, serikali imekuwa ikitumia digrii 20. Mwishoni mwa 2020 jumuiya ya Muhammadiyah, moja ya jumuiya kubwa za nchi hiyo, iliamua kutumia 18, baada ya miaka ya kupima weusi wa anga kwa kifaa kidogo. Alfajiri yao ikasogea mbele kwa dakika kama nane. Na moja ya hoja zilizotolewa kuwapinga ilikuwa ndiyo hii yetu: kwamba ukipima karibu na mji, taa za mji huuficha weupe wa mwanzo, nawe utadhani alfajiri imechelewa. Kwa hiyo taa imeingia mpaka ndani ya masuala ya fiqhi. Mimi si mtu wa kubadilisha ratiba, na simshauri mwanafunzi yeyote aiache ratiba ya msikiti wake kwa sababu ya makala haya. Ninachosema ni kwamba kizazi ambacho hakiwezi kuitazama alfajiri hakiwezi hata kuuelewa mjadala wenyewe. Kitabaki kuuliza simu ya nani ni sahihi.

Safari ya Kalangala

Kwa idhini ya wazazi, Desemba 2024, shule zilipofunga, tulichukua wanafunzi kumi na tisa kwenda visiwa vya Ssese. Watu waliniuliza kwa nini twende mbali hivyo, wakati Butambala kuna Waislamu wengi na ni karibu zaidi. Sababu ni kwamba Butambala iko magharibi ya Kampala. Ukikaa huko na kutazama mashariki, unachokitazama ni Kampala yenyewe. Kwenye kisiwa cha Bugala mashariki yako ni maji.

Tulipita Masaka jioni, na ulikuwa msimu wa senene. Wasomaji wa Uganda hawahitaji kuelezwa. Waganda hata mwezi wa Novemba wameuita Museenene. Kwa walio mbali, wategaji husimamisha mabati kwa mshazari, miguuni mwa mabati wakaweka mapipa, na juu wakawasha balbu za wati 400 zinazochoma macho. Senene wanaosafiri usiku huuona mwanga, huacha njia yao, huzunguka mpaka wakachoka, hugonga bati, na kuteleza ndani ya pipa. Wategaji wanaokesha hapo bila miwani huumwa macho na kubabuka ngozi. Mtoto mmoja aliniuliza kama senene ni halali (ni halali, na sisi Wahaya wa Bukoba tungepata tabu sana isingekuwa hivyo). Mwingine akauliza swali lililonikaa kichwani: "Ustaadh, na wale wanaokwenda kwenye taa za sheli, nani anawala?" Nikamwambia hawaliwi na mtu, hufagiliwa asubuhi.

Taa ya Masaka ina kazi, ina msimu na ina mwenyewe. Kwenye taa za nyuma ya madrasa yetu wadudu hufa kwa namna ileile mwaka mzima, bila faida kwa yeyote.

Tulivuka kwa kivuko cha Bukakata siku iliyofuata. Asubuhi ya kwanza kisiwani mawingu yalifunga na hatukuona kitu, watoto wakanung'unika kwa baridi. Asubuhi ya pili ilikuwa safi. Mwezi ulikuwa mchanga, umezama mapema usiku. Tuliwatoa saa kumi na nusu, tukazima tochi zote, tukakaa kwenye mikeka kuelekea ziwani. Mbali majini kulikuwa na taa za wavuvi wa dagaa, maana nao huvua kwa taa usiku wa giza. Zamani walitumia karabai, sasa wengi wana taa za sola. Mbaamwezi ikiwepo, taa zao haziwaiti dagaa vizuri, kwa hiyo hao nao ni watu wanaojua thamani ya giza.

Kabla ya saa kumi na moja mtoto mmoja akasema, "Alfajiri hiyo." Ulikuwa mwanga uliosimama kama mnara mpana chini na mwembamba juu, mweupe kidogo. Nikawaambia wautazame vizuri na wasiseme neno. Huo ndio mkia wa mbwa mwitu. Ni mwanga wa jua unaogonga vumbi lililoko kati ya sayari, na sisi watu wa ikweta tumepewa nafasi ya kuuona ukiwa umesimama wima kuliko watu wa nchi za kaskazini. Walikaa nao zaidi ya nusu saa. Kisha, kidogo kidogo, chini yake ukaanza mstari mwingine, umelala. Nilikuwa nimewapa kila mmoja karatasi aandike saa atakapouona. Wa kwanza aliandika saa kumi na moja na dakika 26, wa mwisho dakika 39. Walibishana sana wakati wa chai, kila mmoja akimtetea uzi wake. Nilifurahi kuwasikia. Katika miaka yote niliyofundisha mlango ule, hawajawahi kubishana juu yake.

Wenzetu walitunga sheria

Jambo hili linaweza kutungiwa kanuni, na zipo za kujifunza.

Mji wa kwanza unaotajwa ni Flagstaff, Arizona, nchini Marekani. Si mji mkubwa, lakini una kituo cha kuchunguza nyota tangu 1894. Mwaka 1958 baraza la mji lilipiga marufuku kurunzi kubwa za matangazo zilizokuwa zikimulika angani, na mwaka 2001 mji huo ukawa wa kwanza duniani kupewa cheti cha kimataifa cha kulinda giza. Watu wanaendesha magari huko, wanafanya biashara, na usiku wanaona nyota.

Ufaransa inatuhusu zaidi, kwa sababu sheria yake imeingia mpaka Paris, na Paris ndiyo mji ambao ulimwengu mzima unausifu kwa taa. Tangu 1 Julai 2013, vioo vya maduka vinatakiwa vizimwe ifikapo saa saba usiku, na taa za ndani ya ofisi saa moja baada ya mtu wa mwisho kuondoka. Desemba 2018 ikaja amri nyingine kali zaidi: taa mpya za nje zielekezwe chini, mwanga unaokwenda juu uwe karibu na sifuri, na rangi isizidi Kelvini 3000. Mwaka 2022, gharama za nishati zilipopanda, mabango yenye taa yakaamriwa kuzimwa nchi nzima kati ya saa saba usiku na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa sehemu chache kama viwanja vya ndege. Hata mnara wa Eiffel ukawa unazimwa mapema kuliko zamani.

Je, wote walitii? La. Maduka mengi yaliendelea kuwaka, mpaka vijana wa Paris wenye mchezo wa kuruka kuta wakawa wanapita usiku na kuzizima wenyewe kwa swichi ya nje iliyowekwa kwa ajili ya wazima moto. Siwaambii wanafunzi wangu wapande kuta za watu! Natoa mfano huu kuonyesha kwamba amri bila ya mkaguzi hubaki kwenye karatasi, Ulaya kama kwetu.

Kuna funzo la tatu kutoka Tucson, mji mwingine wa Arizona. Mwaka 2019 walipunguza nguvu za taa za barabarani kwa siku kadhaa huku setilaiti ikiutazama mji kutoka juu. Walikuta taa za barabarani zilichangia kama sehemu ya tano tu ya mwanga wote ulioonekana. Uliobaki ulitoka kwa maduka, maegesho ya magari, viwanja vya michezo, mabango na majumba. Maana yake ni kwamba tukikaa tunalaumu manispaa peke yake, tumekosea mlango. Wenye taa ni sisi.

Na wezi je?

Nimelisema jambo hili mbele ya wazazi, na swali la kwanza siku zote ni la mama mmoja au mwingine: mnataka watoto wetu warudi gizani? Ni haki yake kuuliza. Nairobi zile taa kubwa za mlingoti mrefu zilipewa jina la mulika mwizi, na jina hilo halikutoka hewani. Mtaa uliokaa gizani miaka mingi ulijua unachokitaka. Wala ushahidi hauko upande mmoja. Jijini New York, mwaka 2016, waliweka taa za muda kwenye baadhi ya majengo ya wapangaji wa kipato cha chini, na uhalifu mkubwa wa nje wakati wa usiku ukapungua kwa zaidi ya theluthi. Kwa upande mwingine, utafiti wa 2015 wa halmashauri 62 za Uingereza na Wales, zilizozima au kupunguza taa za barabarani, haukuona dalili ya ajali wala uhalifu kuongezeka.

Mimi nasema taa iwepo pale mtu anapopita. Ila iangaze njia, isimwangaze mtu machoni. Mwulize dereva yeyote wa bodaboda juu ya taa nyeupe ya ukutani inayotazama barabara: anapoikaribia hafunguki macho, na akishaipita haoni kitu kwa sekunde kadhaa. Mwizi akisimama nyuma ya taa kama hiyo amefichwa vizuri kuliko gizani. Taa yenye kofia, inayotazama chini, ya nguvu ya kiasi, inakuonyesha uso wa mtu. Na uchochoroni, ile inayowaka mtu akipita humshtua mwizi zaidi, na jirani hujua kuna mtu.

Wakati wa kulizungumza ni sasa. Wenye umri wangu wanaukumbuka mgao wa umeme wa 2005 na 2006, mji ulipokuwa ukizimika na nyota zikarudi kwa saa chache, ingawa hakuna aliyezifurahia kwa sababu ya hasira. Tangu hapo limejengwa bwawa la Bujagali, megawati 250, mwaka 2012. Isimba, 183, mwaka 2019. Na Karuma, 600, lililozinduliwa rasmi Septemba 2024. Umeme upo, barabara zinajengwa upya, na taa za LED zimekuwa rahisi. Nguzo inayosimamishwa leo itakaa miaka mingi, na kofia ni rahisi kuifunga kabla nguzo haijasimama.

Kanuni za kelele Uganda zimekuwepo tangu 2003, na misikiti mingi imeshaambiwa ipunguze spika. Tumeshakubali, basi, kwamba sauti yangu ikiingia chumbani mwa jirani ina mpaka. Mwanga wangu una mpaka pia. Fiqhi yetu ina mlango mzima juu ya madhara ya jirani, na kufanya ubadhirifu hakukuanza kukatazwa leo. Mtume (S.A.W.) aliagiza taa zizimwe watu wanapolala; sababu yake ilikuwa hatari ya moto, nami siigeuzi kuwa hukumu ya balbu. Lakini kuzima taa isiyo na kazi usiku si jambo geni kwa Muislamu.

Tulipofika hapa mtaani

Wavulana wa bweni letu walikuwa wameziba madirisha kwa maboksi kwa sababu ya lile bango la skrini. Nilikwenda kwa mwenye bango, mtu mzima, mstaarabu. Akaniambia, "Sheikh, tangazo likizimwa silipwi." Nikamwuliza, "Mzee wangu, saa nane za usiku nani analisoma?" Akacheka, akasema atafikiri. Ilichukua safari tatu. Sasa kuanzia saa tano usiku hulipunguza nguvu, na picha zenye nyuma nyeupe ameziondoa kwenye zamu ya usiku. Maboksi yametoka madirishani. Kituo cha mafuta walikataa. Meneja alisema taa ni amri ya makao makuu, na ubishi ukaishia hapo. Tumewaandikia barua, hatujajibiwa.

Msikitini kwetu ndiko kulikokuwa na kazi. Tuna taa nne kubwa zilizolazwa chini zikiumulika mnara kwenda juu. Sehemu tu ya mwanga hugonga mnara, na uliobaki hupita na kwenda zake. Nilipolitaja kwenye kikao cha kamati, Hajji mmoja alikasirika: "Mwalimu, unataka tuuzime msikiti?" Sikujibizana naye, ni mzee wangu. Niliomba ubao nikapiga hesabu mbele yao. Kila taa ni wati 200, zote nne ni 800. Zinawashwa saa moja jioni na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi, saa 11. Kila usiku ni uniti 8.8, kwa siku thelathini ni uniti 264. Tukizizima saa nne usiku, baada ya watu wa Isha kutawanyika, zinabaki uniti 72. Mweka hazina ndiye aliyenyamaza kwa muda mrefu kuliko wote.

Kamati imekubali zizimwe saa nne, isipokuwa Ramadhani, ambapo zitawaka mpaka Tarawehe imalizike. Taa za njia ya kuingilia wanawake hazikuguswa, ila tumezishusha zitazame chini na kuziwekea balbu za Kelvini 2700. Fundi wa bati wa Katwe ametutengenezea kofia mbili za kujaribia kwenye mnara, na kutoka barabarani mnara unaonekana vizuri kuliko mwanzo. Kofia mbili zilizobaki zinasubiri, maana mweka hazina anataka aione kwanza bili ya mwezi huu.

Wazazi wanaotaka watoto wao wawemo kwenye safari ijayo ya Kalangala walete majina ofisini kabla ya shule kufunga. Kila mtoto aje na blanketi, sweta, daftari, na tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, kwa sababu mwanga mwekundu hauyaharibu macho yaliyokwisha zoea giza. Simu zitabaki kwenye begi la mwalimu.

Wabillahi tawfiq.